Simu na Redio: Njia Ndefu ya Kufika Munanila

Ndugu msomaji, jioni ya Jumapili uketipo barazani kwako Magomeni au Temeke, redio ikisema ndani na simu ikiwa mkononi, huenda hujapata kujiuliza ilikuwaje vyombo hivi viwili vikachukua zaidi ya miaka 50 kukutanishwa chini ya mamlaka moja ya Serikali. Swali hilo laweza kuonekana kuwa la makarani na wanasheria. Lakini kwa jamaa waliobaki katika nyanda za juu za Kigoma limekuwa swali la nani apate habari ya msiba kabla ya maziko, na nani aipate baada ya matanga kuanuliwa.

Tuitazame habari hii tukiwa Munanila. Mji huo mdogo uko juu ya vilima vya Buha, karibu na forodha ya Manyovu na mpaka wa Burundi. Kwa miaka mingi ulikuwa ndani ya Wilaya ya Kasulu. Mwaka 2012 Kasulu ilipogawanywa ukaingia katika Wilaya mpya ya Buhigwe, na wakati huo huo Kibondo nayo ikazaa Kakonko. Ni nchi ya kahawa, migomba, maharage na ukungu wa asubuhi. Watu wake husema Kiha, lugha iliyo ndugu wa Kirundi, hata sokoni muuzaji na mnunuzi hawahitaji mkalimani, ijapokuwa mmoja wao kavuka mpaka alfajiri ile ile.

Nchi hiyo imetoa watu kwa muda mrefu. Katika zama za ukoloni vijana wa Kiha walishuka kwa maelfu kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Wengine hawakurudi tena. Mume akawa Korogwe, mke Munanila, na kati yao reli, mabonde na miezi ya kungoja. Pengine babu yako, wewe unayesoma ukurasa huu, ni mmoja wao. Watu kama hao ndio waliohitaji simu kuliko wafanyabiashara wa mjini, na ndio waliofikiwa mwisho.

WAYA ULIOKOMEA UJIJI

Mwaka 1871 Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji, habari hiyo kubwa ilitembea kwa miguu ya wapagazi hadi pwani, na Ulaya haikuisikia mpaka mwaka 1872. Wakati huo Ulaya na Marekani zilikwisha unganishwa kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Zanzibar ilipata waya wa namna hiyo mwaka 1879, ulipotandazwa kutoka Aden kwenda Durban ukipita hapo, na mwaka 1890 waya mwingine ukavushwa kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam.

Bara la ndani lilifikiwa kwa njia ambayo wengi hawaijui. Cecil Rhodes alikuwa na ndoto ya kuvuta waya mmoja kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, wote uwe mikononi mwa Waingereza. Njiani pakawa na koloni la Wajerumani. Basi mwezi Machi 1899 akaenda Berlin, akaonana na Kaisari Wilhelm II mwenyewe, akapewa ruhusa ya kupitisha nguzo zake katika ardhi hii. Waya ukapanda kutoka kusini, ukafuata upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, ukafika Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20. Ukakoma hapo. Rhodes alikufa mwaka 1902, na Cairo haikufikiwa na waya wake.

Hivyo Mkoa wa Kigoma ulipata kuwa mwisho wa waya mrefu wa mabeberu kabla reli haijafika. Wenyeji hawakuhesabiwa katika ndoto ile. Reli ya kati iliwasili Kigoma mwaka 1914, na kando yake nyaya za simu. Lakini reli na waya vilibaki chini, ziwani. Mtu wa Kasulu au Munanila alitakiwa ateremke mwenyewe.

Wajerumani walikwisha kuanza pia kutumia simu isiyo na waya. Walijenga vituo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam, na umuhimu wake ulionekana tangu siku za kwanza za vita. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, ilitupa mizinga Dar es Salaam, na shabaha yake ilikuwa kituo hicho. Kumbuka tarehe hiyo, ndugu msomaji. Tangu hapo kila serikali iliyotawala nchi hii imejua kwamba anayemiliki mnara anamiliki neno, na ndiyo sababu mojawapo ya redio kuogopwa na kulindwa kuliko simu.

Vita vilileta jambo jingine kwa Buha. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916, wakaitawala hadi mwaka 1921 walipoiacha kwa Waingereza, wao wakabaki na Ruanda-Urundi. Mpaka ukapita kati ya watu waliokuwa wakioana na kugawana malisho. Tangu siku hiyo waya wa upande huu ulielekea Dar es Salaam, na waya wa upande wa pili ukaelekea Usumbura, jina la zamani la Bujumbura.

NENO MOJA LILILOTANGULIA SHERIA

Turuhusu kuchepuka kidogo. Neno letu "simu" linatoka katika Kiajemi, na asili ya maana yake ni waya. Wazee wa pwani walilitumia kwa telegrafu, ile ya nukta na mistari iliyogongwa kwa kidole cha karani. Ilipokuja ile ya kusema kwa mdomo ikaitwa simu vile vile, na ya kwanza ikabandikwa jina la "simu ya maandishi". Ilipokuja redio ya mawasiliano, ile waliyotumia polisi, misheni na maofisa wa wilaya, watu hawakubabaika. Wakaiita "simu ya upepo". Kwa Kiswahili, basi, waya, sauti na mawimbi vilikwisha kuwa familia moja kabla Bunge lolote halijaketi kuyajadili. Serikali zilichelewa sana kufuata busara hiyo ya lugha.

Hatua ya kwanza kubwa ilichukuliwa na wakoloni mwaka 1933, idara za posta na simu za Tanganyika, Kenya na Uganda zilipofanywa idara moja. Sababu yao ilikuwa kubana matumizi, maana ulimwengu ulikuwa katika dhiki ya uchumi. Stempu moja ikabeba majina ya nchi tatu. Mwaka 1948 huduma hizo zikawekwa chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, mwaka 1961 chini ya jumuiya ya huduma za pamoja, na mwaka 1967, baada ya mkataba uliotiwa saini Kampala, likaundwa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, makao yake makuu yakiwa mjini humo humo.

Katikati ya hayo ukaja Muungano wetu wa tarehe 26 Aprili 1964. Hati za Muungano ziliorodhesha mambo 11 yatakayoshughulikiwa na Serikali ya Muungano, na posta na simu zilitajwa humo pamoja na bandari na usafiri wa anga. Utekelezaji ulikwenda kwa mwendo wa kobe: Zanzibar iliendelea kutoa stempu zake yenyewe hadi mwaka 1967. Hata hivyo jambo lilikuwa limeamuliwa. Waya ulikuwa wa Muungano.

Redio haikutajwa.

Ukisoma orodha ile ya mambo 11 utaona ulinzi, polisi, uraia, utangazaji hutauona. Hatudhani kuwa ulisahauliwa. Miezi mitatu kabla, usiku wa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, dunia iliyajua yaliyotokea Unguja kwa sauti ya John Okello iliyotoka katika redio ya Zanzibar. Watu waliokwisha kuona uwezo wa kipaza sauti hawakuwa na haraka ya kukipeleka ng'ambo ya bahari. Sauti ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1951, ikawa Sauti ya Tanzania Zanzibar, ikabaki chini ya Serikali ya Mapinduzi.

PUGU ROAD

Huku Bara redio ilikuwa na historia yake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 kama jaribio dogo lisilosikika mbali na mji. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na tarehe 1 Julai 1965 Serikali ikalivunja, ikaichukua redio iwe idara yake kamili: Radio Tanzania Dar es Salaam. Studio zake zilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Simu ikawa ya shirika lenye makao Kampala. Redio ikawa ya Wizara ya Habari. Huyu ana mafundi wake na nguzo zake, na yule ana mafundi wake na minara yake. Waziri wa huyu hakuwa waziri wa yule.

Ilikuwa ni misiba iliyoziunganisha. Wazazi wetu wanakumbuka matangazo ya vifo: sauti tulivu ikitaja jina la marehemu, kijiji, wilaya, kisha orodha ndefu ya jamaa wapelekewao habari, aliye Muheza, aliye Kilombero, aliye Kigamboni. Kabla ya tangazo kusomwa ilibidi habari isafiri kwanza. Mfiwa wa mbali aliyekuwa na njia alifika posta, akahesabu maneno, maana kila neno lilikuwa na bei yake, akapeleka telegramu. Maneno sita au saba yaliyopita katika waya wa shirika moja yakageuka sauti katika mtambo wa shirika jingine, na sauti hiyo ikafika mahali ambapo waya haujawahi kufika. Hakuna sheria iliyowaelekeza wananchi kufanya hivyo, walibuni wenyewe.

Ilikuwa vivyo hivyo kwa wagonjwa. Kipindi cha Ugua Pole kilipokwenda wodini kikachukua salamu za mtu aliyelazwa, mama yake kijijini alipata uhakika kwamba mwanawe yu hai bado. Barua ingechukua majuma.

Lakini telegramu iliyokwenda kinyume, kutoka Korogwe kwenda Munanila, ilikuwa na kisa chake. Kugongwa kwake hadi posta ya wilaya hakukuchukua muda. Baada ya hapo ilitegemea miguu, baiskeli, au lori la kahawa lililobahatika kuelekea huko. Masika yakikaza, karatasi ile ndogo ililala. Ndiyo maana tunasema redio ilikuwa mkombozi wa milimani, pale iliposikika.

SAUTI YA JIRANI

Na je, ilisikika? Hapa inatupasa tueleze kidogo mambo ya kifundi, maana ndiyo kiini cha taabu ya Kigoma. Redio ya zamani ilitumia masafa ya kati na masafa mafupi. Mawimbi ya masafa ya kati mchana hutambaa juu ya ardhi na kuchoka njiani. Usiku hupanda, yakagonga tabaka za juu za anga na kurudi chini mbali sana. Ndiyo sababu Dar es Salaam ilikuwa hafifu adhuhuri na ikaja wazi baada ya magharibi. Serikali ilijitahidi kupunguza udhaifu huo kwa kuweka mitambo ya kusaidia mikoani, Kigoma ikiwa mojawapo, lakini kutoka ufukweni mwa ziwa hadi nyuma ya vilima vya Buha ni safari hata kwa wimbi.

Bujumbura ilikuwa jirani zaidi. Mtu wa Munanila aliyefungua redio yake mchana, betri zikiwa zimeanikwa juani ili zipate nguvu kidogo, alisikia Kirundi bila kukitafuta, na alikielewa. Alijua bei ya soko la ng'ambo na wimbo mpya wa ng'ambo. Lililosemwa na Serikali yake mwenyewe alilipata usiku, au alilisikia kwa katibu wa tawi.

Usilidharau jambo hilo. Miaka ya 1970 redio ilikuwa shule. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili malaria, kuhara na kichocho, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kikundi kisichonasa matangazo kilibaki na kitabu tu na mwalimu wake.

Kisha yakaja mabaya. Burundi iliwaka mwaka 1972, ikawaka tena mwaka 1993, na wakimbizi wakamiminika Kasulu na Kibondo. Rwanda mwaka 1994 iliionyesha dunia kwamba redio yaweza kuchinja. Katika miaka hiyo ndipo wakuu wetu walipotambua kwa uchungu kwamba nyanda za mpakani zilikuwa zikisikiliza kila mtu isipokuwa sisi. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, na kwa wakazi wengi wa Kibondo hiyo ndiyo iliyokuwa redio ya karibu, iliyowapa habari za kambi, za afya na za watoto waliopotezana na wazazi. Kituo cha wageni kilifanya kazi ambayo ilikuwa wajibu wetu. Tunakishukuru, na hatuoni sababu ya kuficha kwamba palikuwa na aibu ndani yake.

KUVUNJA KWANZA, KUUNGANISHA BAADAYE

Tuirudie simu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika lile la Kampala likakatwa vipande vitatu. Tanzania ikaunda Shirika lake la Posta na Simu. Magari, mitambo na madeni viligombaniwa hadi mwaka 1984, makubaliano ya kugawana mali yalipotiwa saini Arusha. Wafanyakazi wa zamani wa Jumuiya, baadhi yao wakiwa wapanda nguzo na makarani waliogonga telegramu za wazazi wetu, waliendelea kudai haki zao hadi miaka ya 2000. Familia nyingi za Dar es Salaam, Tabora na Kigoma zinajua vizuri foleni zile.

Mwaka 1993 upepo ukabadilika. Dunia nzima ilikuwa ikiyapasua mashirika ya umma, nasi tukalipasua la kwetu. Posta ikawa upande wake, Kampuni ya Simu upande wake, na Tume ya Mawasiliano ikaundwa kuzisimamia. Mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Utangazaji, ikazaa Tume ya Utangazaji na kufungua mlango kwa redio na televisheni za watu binafsi, ambazo zilianza kusikika mwaka 1994. Kwa hiyo katika mwaka mmoja tulipata tume mbili: moja ya simu, moja ya redio. Mawimbi ya simu za mkononi, yaliyoanza nchini mwaka 1994, na mawimbi ya redio yalipita katika anga moja, lakini yaligawiwa na ofisi mbili.

Ilichukua miaka kumi kuona kwamba haifai. Sheria namba 12 ya mwaka 2003 ilizifuta tume zote mbili na kuunda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyokabidhiwa simu, posta na utangazaji pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu siku za Wajerumani, waya na wimbi vikawa na msimamizi mmoja. Upande wa redio ya taifa nako kukatokea mabadiliko: mwaka 2002 Radio Tanzania na Televisheni ya Taifa ziliwekwa katika Taasisi ya Utangazaji, na mwaka 2007 ikawa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Kampuni ya Simu, ambayo sehemu ya hisa zake iliuzwa kwa wageni mwaka 2001, ilirudi mikononi mwa Serikali mwaka 2016, ikafanywa shirika la umma kwa sheria ya mwaka 2017.

Hata hivyo muungano huo una mlango mmoja uliobaki wazi. Kwa kuwa utangazaji si jambo la Muungano, Mamlaka hiyo husimamia simu na posta pande zote mbili, lakini redio na televisheni za Zanzibar husimamiwa na Tume ya Utangazaji ya huko. Mkazi wa Pemba akiwa na malalamiko juu ya simu yake aelekee ofisi moja. Akiwa na malalamiko juu ya redio yake, ofisi nyingine. Sasa redio imeingia ndani ya simu. Mpaka kati ya vitu hivyo viwili unapita katikati ya mfuko wake wa shati. Yaliyoamuliwa mwaka 1964 yalikuwa na hekima ya mwaka 1964; sisi twaona wakati umefika wa kuyazungumza upya, kwa utulivu, bila kutafuta mshindi.

MINARA NA MILIMA

Tumeeleza sana habari za ofisi. Munanila walipata nini?

Walichopata hakikutokana moja kwa moja na sheria ile ya kuunganisha. Kilitokana na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kampuni za simu zichangie gharama za kufikisha huduma mahali pasipo na faida. Ni mfuko unaopata fedha kutoka kwenye simu za mjini, yaani kutoka kwako, ndugu msomaji, na kuzitumia vijijini. Fedha hizo zimesaidia minara ya simu na pia mitambo ya redio ya TBC katika wilaya za mpakani. Hapo ndipo simu ilipoilipia redio nauli ya kufika. Mwaka 2023 Serikali ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Kabla yake, tangu mwaka 2009, ulianza kujengwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, waya wa nyuzi za kioo unaopitisha mwanga badala ya umeme, na Kigoma ikafikiwa. Waya wa Rhodes ulifika Ujiji kwa ajili ya wakubwa wa Cape Town na London. Huu umekuja kwa ajili ya shule, benki na zahanati, na unasimamiwa na watoto wa nchi hii.

Redio ya leo ni ya FM, sauti yake safi kama ya mtu aliye chumbani, lakini mawimbi yake huenda mwendo wa jicho: yanapofika nyuma ya mlima hukoma. Munanila iliyo juu hunasa. Bondeni pengine hapana kitu. Nao mnara wa simu una tabia hiyo hiyo. Kwa kuwa mawimbi hayajui forodha, simu ya mtu aliye upande wetu huweza kunaswa na mnara wa Burundi, na salio likaliwa kwa bei ya kimataifa wakati mwenye simu hajavuka hata kijito. Miaka 50 iliyopita redio ya jirani ilikuja bure. Simu ya jirani huja na malipo.

Pana jambo zito zaidi. Tangu tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa zilianza kuzimwa. Nia ni njema, maana wezi wa mitandao wamewaliza wengi. Lakini kitambulisho hutolewa baada ya uraia kuhakikiwa, na kwa mwananchi wa mpakani, mwenye jina la Kiha linalofanana na la Kirundi na shangazi aliyeolewa ng'ambo, uhakiki huo huchukua muda mrefu kuliko kwa mtu wa Dodoma. Anayengoja kitambulisho hutumia laini ya mtu mwingine, na fedha unazomtumia mama yako hupita katika jina lisilo lake. Siku mwenye jina akigombana naye, au akifa, fedha zile zitadaiwa na nani? Maofisa wa uhamiaji wana haki ya kuwa waangalifu mpakani. Wazee waliozaliwa hapo, wakalipa kodi ya kichwa hapo na kupiga kura hapo, nao wana haki ya kutongojeshwa miaka.

Kama una mzazi au ndugu huko, hakikisha anayo namba yake ya kitambulisho cha taifa, na kama hana, mkumbushe afuatilie ofisini wilayani akiwa na mashahidi wanaomjua tangu utoto. Laini anayotumia iwe kwa jina lake. Na ukimpelekea simu mpya, kabla ya kuifunga kwenye mzigo ingia mahali pa kuchagua mitandao, uache ule mpango wa simu kujichagulia yenyewe, uweke mtandao wa Tanzania kwa mkono. Zima pia huduma ya kutumia mitandao ya nchi za nje. Mwonyeshe na mahali pa redio, umwandikie katika karatasi masafa ya vituo vinavyosikika kwao. Simu nyingi huhitaji waya wa masikioni uchomekwe ndipo redio iseme, kwa kuwa waya huo ndio unaonasa mawimbi. Usisahau kuutia katika kifurushi.